Mabamba Kumi na Moja Chini ya Kukhu

Anoka, Ijumaa jioni, Agosti 2017

Naliaka, mama,

Mgongo wangu hauumi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo dogo. Mchana nilipokwambia siwezi kukaa kwenye viti vya kanisa saa tatu nzima na huu mgongo, uliniangalia vile mama yako alivyokuwa akiniangalia, ukachukua funguo za gari langu, ukaenda kuagwa peke yako. Sasa hivi nadhani bado mko kwenye maombi, au mmefika kwenye chapati. Wakenya hatumwachi mtu aondoke Minnesota bila kumwombea mpaka magoti yamuume na kumlisha mpaka apumue kwa shida, na hao Wakongo wa kwaya yenu nao hawana mchezo. Utarudi na sahani tatu zimefunikwa kwa foili, uniambie hizi ni zako, Baba. Nataka niwe nimemaliza kuandika kabla hujafika, kwa sababu nikingoja niseme kwa mdomo sitasema. Unanijua.

Niko gerejini. Mlango uko wazi na jua la Agosti la huku bado halijaamua kutua. Naandikia juu ya meza ya kazi. Nimeifuta, lakini ukiona alama ya kidole cha grisi kwenye karatasi usishangae, ni baba yako huyo.

Sitakuandikia kuhusu kula, wala kufunga mlango, wala vijana wa kiume. Mama yako atakuambia hayo ukifika Arizona, na atayasema vizuri kuliko mimi. Koti hutahitaji. Nasikia huko hata maji ya baridi ya bomba yanatoka moto. Mimi nataka kukuandikia kuhusu Kukhu.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atadhani nazungumzia nyanya yako. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu tulipomtoa kwenye ghala la yule mjane nje ya mji, pikapu ya mwaka wa sitini na tano, kijani, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Ukaizunguka mara mbili ukasema inafanana na Kukhu, yaani mama yangu uliyerithi jina lake: mnene kiunoni, macho ya mviringo, na hajali mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiita gari. Tulimkuta amelika vibaya kwa nyuma. Huku wanamwaga chumvi barabarani kila baridi ikija ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hupanda chini ya magari ikala chesisi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari lote. Bila chumvi hiyo mimi nisingekuwa na kazi. Magari ya zamani ya watu wanaoyapenda kuliko ndugu zao yanaletwa kwetu yakiwa yanang'aa juu na kuoza chini, na mimi ndiye ninayeyatia nguvu chesisi ili yasikatike katikati.

Kazi hiyo unaijua. Lakini sijawahi kukwambia nilivyoianza vibaya.

Kule Webuye, nyumbani, Fundi Barasa aliponifundisha kuchomelea, tulikuwa kando ya barabara kuu, juu yetu bati nne zenye matundu, tukingoja malori ya miwa. Lori la tani saba linapakiwa tani kumi na mbili, linapigwa na mashimo, chesisi inakatika. Barasa alikuwa na dawa moja tu: ikivunjika, ongeza chuma. Ikivunjika tena, ongeza kingine juu yake. Kulikuwa na malori yenye chesisi mbili, moja ndani ya nyingine, na wenye malori walikuwa wakiwaleta wenzao kuchungulia chini kwa majivuno. Mimi nilikuwa nikiitwa mkono wa Barasa. Nilijiona bwana mkubwa.

Sasa mchukue huyo bwana mkubwa, mlete Minnesota, mvishe kofia ya sufu, mpeleke karakana kwa Mzee Orrin. Orrin unamjua wewe, mtu anayeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi na bado yakabaki mawili ya kesho. Mwaka wangu wa kwanza aliniachia gari la kukunja paa, la mwalimu mmoja mstaafu wa Saint Paul. Gari lisilo na paa linategemea chesisi kuliko mengine yote, na hili kutu ilikuwa imelila nyuma ya mlango. Orrin akanionyesha kwa chaki niongeze bamba moja jembamba, akaenda zake Plymouth kuchukua vyuma. Nikasema moyoni, huyu mzungu anaogopa chuma. Nikakata bamba nene. Ncha zake nikaziacha mraba. Nikalizungushia weldi pande zote nne bila kuacha nafasi, kisha nikaongeza la pili juu yake. Lilikuwa linapendeza, haki ya Mungu. Orrin aliporudi nilikuwa nimeshalipaka rangi nyeusi kwa chini, na sikumwambia kitu.

Baada ya miezi minne mwalimu akarudi. Mlango haufungiki. Tukalipandisha gari tukatazama, na chesisi ilikuwa imekatwa na ufa karibu yote. Ufa haukupita kwenye bamba langu. Ulipita pale bamba lilipoishia, upana wa kidole tu kando ya mshono wangu mzuri. Kama ufa huo ungempata kwenye barabara kuu na si kwenye maegesho ya duka, sijui leo ningekuwa naandika barua ya namna gani.

Nilijua nimefutwa. Orrin akachukua ukanda wa bati, akaubana katikati ya vipande viwili vya mbao, akanipa nipinde. Nikapinda huku, nikapinda huku. Ukakatika palepale mbao ilipoishia. Yeye akarudi kula mkate wake. Siku zilizofuata ndipo akanieleza, kidogo kidogo, kwamba chesisi imetengenezwa ijipinde kila gari linapopita kwenye shimo, toka mbele hadi nyuma, kila sehemu ikichukua kidogo. Ukiifanya sehemu moja kuwa ngumu kupita kiasi, jirani yake ndiye anayeumia. Kwa hiyo bamba lisiwe nene kuliko chesisi yenyewe, ncha zake zichongwe, na mshono ufuate urefu wa chesisi, usikatize upana wake. Nimefanya hivyo miaka kumi na sijarudishiwa gari tena hata moja.

Nakueleza haya ili ujue kwamba nilichokuja kukifanya baadaye sikukifanya kwa ujinga.

Gari limepita nikadhani ni wewe. Ni jirani.

Acha kwanza nikuambie kuhusu mama yako, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia. Unakumbuka tulivyokuwa tukipokezana mlangoni? Yeye anarudi kutoka hospitalini Saint Paul asubuhi, mimi ndiyo natoka. Anakushika mkono wa kulia, mimi naachia wa kushoto. Miaka sita. Kuna wiki nilijua mama yako yuko kwa sababu tu kikombe chake kilikuwa na maji sinkini. Alipopata kazi Arizona aliniambia mara tatu twende, na mara tatu nikamjibu tutaona. Tutaona ni neno la mtu mwoga asiyetaka kuitwa mwoga. Mimi niliogopa. Nilijua jina la kila mtu pale karakana, nilijua wapi pa kununua unga wa ugali, na nilihisi nikihama tena nitakuwa si mtu kabisa.

Siku moja kabla hajaondoka nililala chini ya gari lake saa tatu nzima, theluji inayeyuka inanidondokea shingoni, nabadilisha breki ambazo hazikuwa mbovu. Akatoka na chai. Akasimama pale karibu na miguu yangu, naona viatu vyake tu, vile vyeupe vya kazi. Akasimama sana. Nikamwambia anipe spana ya kumi na nne. Akainama akanipa. Baada ya mwaka mzima, kwenye simu, ndipo akaniambia, "Siku ile nilikuwa nangoja useme kitu." Na unajua nilimjibu nini? Nilimwuliza kama breki bado zinashika.

Basi huyo ndiye baba yako. Cheka ukitaka.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama yako alitaka mwende pamoja. Ukasimama hapo jikoni ukamwambia, kwa hicho Kiingereza chako cha mbio, kwamba utabaki na mimi mpaka Kukhu aishe kutengenezwa, kisha utamfuata ukimwendesha mwenyewe hadi mlangoni kwake. Mama yako akalia. Mimi nikaenda dirishani nikajifanya natazama kitu uwanjani. Naliaka, nilikuwa nafurahi. Mke wangu anafunga mizigo na mimi nimempa mgongo nafurahi, kwa sababu nilisikia mpaka Kukhu aishe, na fundi ni mimi.

Miaka ile ya kwanza sikufanya ubaya wowote, nakuapia. Kila Jumamosi tulikuwa hapa wawili. Unakumbuka mchezo wetu? Wewe umelala juu ya katoni na nyundo ndogo, unagonga chesisi toka mbele kwenda nyuma, mimi nimefumba macho. Chuma kizima kinatoa mlio unaokaa kidogo. Kilicholiwa kinajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Unaniuliza, huyu? Nasema mzima. Huyu je? Mgonjwa. Ulikuwa ukijaribu kunidanganya kwa kugonga mahali pamoja mara mbili, na kila mara nakukamata. Nilipokuwa mtoto wa Webuye hakuna mtu aliyewahi kucheza na mimi hivyo, na sikujua mtu mzima anaweza kungoja Jumamosi namna ile. Tulikata sehemu zilizooza, tukatia mabamba manne ya haki, ncha zimechongwa, mishono ya urefu. Mawili uliyachomelea wewe. Ni mazuri kuliko yangu, sikusema wakati ule.

Kukhu aliisha Aprili ile uliyokuwa unamaliza sekondari.

Soma tena sentensi hiyo ukitaka, mimi nimeiandika mara ya tatu, karatasi mbili nimezitupa. Kukhu aliisha miaka miwili na miezi minne iliyopita. Injini ilikuwa tayari, breki tayari, chesisi nzima. Ulikuwa kazini siku ile. Nilimgonga toka mbele hadi nyuma peke yangu na hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Nikakaa kwenye ile ndoo ya rangi nikatazama matairi. Uliporudi ukaniuliza kama kila siku, amefikia wapi? Nikakwambia chesisi bado. Kuna mahali nyuma sipaamini.

Neno lenyewe lilitoka rahisi mno.

Halafu ikabidi uwongo uonekane, sivyo? Ukija gerejini lazima ukute nachomelea kitu. Nikatia bamba. La kwanza nililitia wiki ile barua ya chuo cha Arizona ilipofika ukaibandika kwenye friji. La tatu ni la siku mama yako alipokutumia picha ya chumba, kile alichokupakia rangi ya zambarau. La saba ni la Krismasi, sababu siikumbuki, nadhani nilikusikia ukicheka na simu. Mabamba manene, mama. Ncha za mraba. Weldi kuzunguka pande zote, kama malori ya miwa. Mkono unarudi ulikozaliwa ukiwa na hofu, au labda najitetea tu. Ukiniuliza, nakuonyesha mshono mpya, nakwambia chesisi si kitu cha kufanyia haraka.

Na wewe ukakubali. Uliwaandikia chuo wakungojee mwaka. Kisha mwaka mwingine. Ukasoma kile chuo kidogo cha hapa karibu, jioni ukawa unawaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, unarudi umechoka, unapita kwanza hapa mlangoni kunisalimia na hulalamiki. Furaha, yule Mkongo mwenzako wa kwaya, alitakiwa asafiri na wewe, mlishapanga njia yote kwenye ramani, mlale Nebraska wapi na wapi. Akakungoja naye. Uliniambia haina neno, Baba, chesisi ni chesisi. Uliniamini kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kuogopa chesisi mbovu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi wa sita mwaka huu wewe ukaja ukasimama hapo mlangoni, hukuingia. Ukanisemesha kwa Kiswahili, wewe ambaye hunijibu kwa Kiswahili ila ukiwa na homa.

"Baba, wacha tu. Mama amenikatia tiketi."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshika grinda. Nikasema sawa, kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari.

Siku chache baadaye nilishuka chini ya Kukhu kwa mara ya kwanza kama fundi na si kama mwongo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapaka ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, nikaifuta, nikapulizia poda nyeupe juu yake. Ukingoja dakika kumi, kama kuna ufa rangi inatoka yenyewe. Nikangoja. Ikatoka. Mstari mwembamba, mwekundu, kando ya bamba la kumi na moja, pale lilipoishia. Gari halijatembea hata maili moja, limepandishwa na kushushwa kwenye jeki tu, na moto wangu wa weldi na huo uzito vimeshalipasua.

Unajua nilihisi nini kwanza? Nilifurahi. Nilisema, asante Mungu, sasa nina sababu ya kweli. Nilishaanza hata kupanga nitakavyokuita uje uone. Nikafika mlangoni, nikasikia unaoga na unaimba ile sauti yako ya pili ya kwaya. Nikarudi nikalala tena chini ya gari, nikalia. Sijalia hivyo hata kwa mazishi ya Kukhu mwenyewe, mama yangu, kwa sababu yale niliyasikiliza kwa simu.

Nilimwita Orrin. Tangu astaafu anatembea na fimbo, lakini alijilaza kwenye katoni yako akaingia. Alikaa kule chini akimulika kwa tochi bamba moja baada ya jingine. Alipotoka sikumwona akikasirika. Akajifuta mikono taratibu, akaniuliza.

"Ulitaka gari hili libebe nini?"

Nadhani alijua. Mkewe alifariki, wanawe wako mbali wote, na anakula mkate wake peke yake kila siku mchana, na hajawahi kuniambia kama inauma. Akachukua chaki akaanza kuweka alama pa kukata.

Zile wiki nilizokwambia nina kazi za ziada karakana, zilikuwa za hapa, saa zile ulizokuwa kazini. Kutoa bamba ni kazi mbaya kuliko kulitia. Unasaga mshono polepole, ukiteleza unaijeruhi chesisi yenyewe. Siku nyingine nilitoa moja tu. Ule ufa nilitoboa tundu dogo mwisho wake usiendelee, nikaufungua, nikauchomelea, nikaweka bamba jembamba lenye ncha zilizochongwa, Orrin amekaa kwenye ndoo ananiangalia kama mwaka wangu wa kwanza. Kisha tukapaka rangi na poda tena, hakuna mstari uliotoka. Nyeupe. Tukapakia magunia ya mchanga, tukaenda na Kukhu mpaka Plymouth na kurudi, tukatafuta mashimo kwa makusudi. Poda tena. Nyeupe. Nimefanya hivyo mara nne. Sikuombi uniamini mimi, najua nilipofikia. Mpigie Orrin. Huyo hana maneno ya kutosha kusema uwongo.

Usitafute mafumbo katika haya. Mimi si mhubiri, na kama chuma kina funzo basi nilikuwa nalo miaka kumi na halikunisaidia kitu. Ninachojua ni kidogo. Najua mtu anaweza kumfanyia mwenzake kazi ya mikono mchana kutwa ili asimwambie neno moja. Mama yako nilimpa breki, wewe nikakupa mabamba. Neno lenyewe lilikuwa usiniache, na ni jepesi, mtoto wa miaka mitatu analisema. Ningelisema, labda ungebaki, labda ungeenda, lakini ungekuwa umechagua. Mimi nilikuchagulia miaka miwili, nikakufanya ushukuru.

Nakuomba msamaha, Naliaka. Siombi unisamehe leo. Ukikasirika una haki, na usifanye ile tabia yako ya kukasirika huku ukiosha vyombo. Nipigie kelele. Nitakaa nisikilize.

Naogopa kesho. Nimekuwa nikizunguka nyumba tangu mchana nikitazama vitu. Nitapika ugali wa mtu mmoja, na sijui hata unaanzaje, maji kiasi gani. Jumamosi itafika. Watu wa kanisa watanipigia wiki mbili, kisha watazoea. Sikwambii haya ili ubaki. Ukibaki sasa nitajua umenibeba, na sitaki tena. Nakwambia kwa sababu nimechoka kusema mgongo unauma.

Sasa sikiliza. Tiketi yako iko mezani jikoni, ndege ni saa saba mchana. Ukienda na ndege nitakubebea mizigo, nitakupeleka uwanjani, na sitalitaja hili tena mpaka ulitaje wewe. Kukhu nimemtoa nje. Utamkuta ukifika, amesimama mbele ya nyumba ameelekea barabarani, kijani hicho, sijui jirani atasema nini. Funguo ziko kando ya tiketi. Furaha nimempigia adhuhuri nikamweleza yote, naye akaniambia, "Papa, hiyo ni mubaya sana," halafu akasema ana likizo ya wiki moja na hiyo motokari yuko tayari kuipanda kesho. Nimemwapisha asikwambie kabla hujasoma hii. Kama usiku huu kanisani amekuwa akikuangalia kwa jicho la ajabu, ndiyo maana.

Mabamba kumi na moja sitayauza kwa vyuma chakavu. Nimeyapanga ukutani hapa ndani, kuanzia la barua hadi la mwisho. Nayaangalia ninapoandika. Yakiwa pamoja siwezi kuyanyanyua.

Ukimchukua Kukhu, chini ya kiti kuna ile nyundo ndogo. Sitaki unipigie kuniambia umefika wapi, hayo mtumie mama yako. Ila mkisimama mahali, popote, Nebraska au huko jangwani, nipigie, uweke simu chini karibu na chesisi, na ugonge toka mbele kwenda nyuma. Usiseme kitu. Mimi nitakuwa nimefumba macho.

Baba